Mto Uliotoka Kwenye Pasi

Miezi minne nzima nilimdarizi korongo mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja. Mabawa peke yake yalinila wiki sita. Nilikuwa nachomoa uzi mmoja mmoja kutoka kwenye ule wa nyuzi sita, kwa sababu niliambiwa majaji wa maonyesho huinama mpaka pua iguse kitambaa. Nyuma nikaficha mikia yote ya nyuzi, fundo hata moja hakuna. Anayedarizi anajua kwamba tabia ya mtu huonekana nyuma ya kazi, na yangu kwa mara ya kwanza ilikuwa njema.

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kazi, nikaipiga pasi.

Sasa, mchoro nilikuwa nimeuchora kwa ile kalamu ya bluu ambayo wino wake hutoka kwa maji baridi. Ili nipate katikati, nilipiga mstari toka ukingo hadi ukingo, ukapita gotini kwa korongo. Na kwa kuwa niliwahi kudarizi shada zima la maua kichwa chini, safari hii nilichora mshale na kuandika JUU, kwa herufi kubwa, nisije nikajisahau. Kalamu hiyo ina sharti moja tu: osha kwanza, pasi baadaye. Joto likitangulia, wino unang'ang'ania kitani kama mdai.

Saa saba usiku niko bafuni. Maji baridi, sabuni, kusugua kwa kidole, maombi. Kadiri nilivyoosha ndivyo mstari ulivyozidi kung'aa. Kuufunika kwa uzi? Na muda uko wapi? Kuuficha chini ya fremu? Fremu ilishakatwa, na neno JUU lilikaa katikati ya anga kama mwezi.

Ikabaki fomu. Maelezo ya msanii, maneno yasiyozidi 100. Awali nilikuwa nimeandika: "Huyu ni korongo. Nimetumia kitani na uzi wa pamba, mshono wa kujaza." Hadi leo nashikilia kwamba yalitosha. Nikayafuta, nikaandika hivi:

"Mto unaopita gotini mwa ndege ni kumbukumbu isiyofutika. JUU si neno bali ni wito. Mshale unamuuliza mtazamaji: nawe, waelekea wapi?"

Mshale ulielekea kwenye msumari. Lakini nilipoyasoma tena saa nane usiku, machozi yalinilengalenga. Sijui watu hupatwa na nini wakishaitwa wasanii. Mtu ameshinda miezi akihesabu nyuzi, ghafla anaongea kama nabii.

Siku ya maonyesho nikakuta maelezo yangu yamebandikwa kando ya korongo, maandishi makubwa, hata asiye na miwani asipitwe. Karatasi ya majaji ilinisifia mabawa. Mvutano wa uzi, sawasawa. Kisha chini kabisa: "Kumbukumbu hii ingefutika kama ingeoshwa kabla ya pasi. Tunashukuru kuelekezwa upande wa juu. Tulikuwa tumeukisia kwa kuangalia kichwa cha ndege."

Nikajibanza mbele ya kazi ya jirani, najifanya naitazama, masikio yote kwangu. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Mtoto akamsomea maelezo kwa sauti ya darasani, ukumbi mzima ukasikia habari za wito. Bibi akavaa miwani, akainama.

"Bibi, huu mto unatoka wapi?"

"Unatoka kwenye pasi."

Akanigeukia mimi, mpita njia tu. "Mwanangu, mimi nina mito mitatu nyumbani."

Nikadhani ya kulalia.

"Miwili iko kwenye vitambaa vya meza, hiyo haina neno. Wa tatu umekatiza shuka niliyomdarizia binti yangu ya harusi. Maua pande zote, na mto katikati. Nililia!"

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika kabisa, kama aliwahi kuupatia dawa.

"Dawa ipo," akasema, akimshika mjukuu mkono waendelee. "Nilidarizi mamba."