Meli ya kitalii si mzigo mkubwa kuliko hoteli ya ufukweni

Utalii wa meli visiwani unapotajwa Dar es Salaam, lawama hazichelewi: meli huja na vitanda vyake na jiko lake, ikaondoka huku mwenyeji ameambulia kuuza vinyago viwili vitatu. Lawama hiyo ina mashiko, hasa kwa meli kubwa zenye abiria zaidi ya elfu mbili, ambazo hakuna kisiwa kidogo kinachoweza kuzipokea bila kuumia.

Hata hivyo, kitanda kinachoondoka na meli ni kitanda ambacho kisiwa hakikukitafutia kiwanja, maji ya kisima wala shimo la maji taka. Visiwa vya Galápagos, nchini Ekwado, vinalionyesha hili vizuri. Huko meli haibebi abiria zaidi ya 100, kila mwongozaji hushuka na watu wasiozidi 16, na vitanda vya melini vimewekewa kikomo kwa miaka mingi. Wageni walivuka 300,000 mwaka 2023, na wengi wao hawakulala katika meli hizo. Ongezeko limetokana zaidi na wanaolala nchi kavu, katika miji inayozidi kutanuka.

Wapinzani wana ushahidi mzito, nao ni meli ya mafuta Jessica iliyokwama San Cristóbal, kimojawapo cha visiwa hivyo, Januari 2001. Mafuta mengi yalichukuliwa na mikondo, na kisiwa cha Santa Fe kikapata mabaki kidogo tu. Lakini ndani ya mwaka mmoja takriban asilimia 62 ya iguana wa baharini (aina ya mijusi wakubwa) wa hapo walikufa, pengine kwa sababu bakteria wa tumboni wanaowasaidia kumeng'enya mwani waliathirika. Sehemu ya shehena ilikuwa mafuta mazito ya meli ya kitalii. Sehemu kubwa zaidi, jambo linalosahaulika, ilikuwa dizeli ya matumizi ya visiwani, ambayo hata hao tunaodhani hawachafui kwa kuwa wamelala nchi kavu huitegemea.

Kisiwa cha Mafia, chenye hifadhi ya bahari tangu 1995, kinakabiliwa na uamuzi wa aina hii: meli au hoteli za ufukweni. Kasa hutaga usiku, na vifaranga wakianguliwa hufuata upande wenye mwanga. Taa za hoteli huwavuta kichakani, mikononi mwa kaa, ilhali chombo kilichofungwa mbali na ufukwe, taa zake zikiwa zimefunikwa, hakiwapotezi. Nanga ndiyo hatari, kwa kuwa hupasua matumbawe yaliyochukua miongo kukua, na dawa yake ni maboya ya kudumu ya kufungia vyombo.

Linabaki suala la fedha, na hapo wapinzani nawaunga mkono: leseni isitolewe kwa meli isiyolipa kwa kila abiria kwa kila usiku inaolala ndani ya hifadhi, isiyonunua samaki na matunda Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, na isiyochukua waongozaji wake kutoka vijiji vya Mafia.