Karatasi ya mtoto wa Semporna

Huu ni mwaka wangu wa sita Semporna, jimbo la Sabah nchini Malaysia. Mimi mzaliwa wa Shimoni, Kwale, kwa hiyo bahari ya huku haikunitisha. Kilichoniuma ni hali ya watoto wa Bajau Laut, watu wa majini: wengine wanaishi ndani ya mashua ziitwazo lepa, wengine kwenye vibanda vya miti juu ya maji. Mtoto wa miaka saba anapiga kasia peke yake hadi gatini kuuza samaki. Muulize jina, atakutajia. Mwambie aliandike, anainamisha kichwa.

Wengi wao hawana uraia wa nchi yoyote. Hawana vyeti, na shule za serikali haziwapokei. Wanaobahatika husoma shule za kujitolea, kama Sekolah Alternatif hapa Semporna. Siku moja nilikwenda kusaidia kufundisha. Mvulana mmoja akaandika jina lake, akaomba ule ukurasa uchanwe ampelekee mamake. Akaukunja, akautia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kiberiti, maana mashuani kila kitu hulowa. Kimalei karatasi ni kertas. Neno letu lilelile.

Nikamkumbuka swahiba wangu Mpemba, tuliyekaa naye dawati moja Shimoni. Wazazi wake walizaliwa papo hapo, lakini hawakuwa na vitambulisho wala yeye cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2004 sisi tuliingia kufanya mtihani wa darasa la nane, yeye akaenda kutega madema na babake. Kenya ilikuja kuwatambua Wapemba mwaka 2023.

Huku nasikia maneno niliyoyasikia kwetu: "Si watu wetu hawa, ukiwafungulia mlango watakuja wengine." Juni 2024 vibanda vyao vingi vilibomolewa katika hifadhi ya bahari ya Tun Sakaran. Mimi nasema suala la uraia lijadiliwe hata miaka kumi, lakini mtoto aingie darasani leo. Mwenye uwezo achangie madaftari, posho ya walimu, mafuta ya boti. Na serikali ifungue shule zake, kwa kuwa shule za kujitolea haziwezi kuwabeba wote.

Swahiba alipopata kitambulisho alinitumia picha yake kwa simu. Chini akaandika: "Sasa binti yangu atafanya mtihani."