Dagaa mchele si mtoto wa nguru

Mjadala wa uvuvi haramu ukianza, mshitakiwa wa kwanza huwa wavu wa matundu madogo. Hoja inajulikana: ukivua vitoto leo, kesho hutakuwa na samaki wa kuvua. Kwa nguru, changu na tasi ni kweli tupu. Kosa hutokea hoja hiyohiyo inapogeuziwa dagaa mchele wa Unguja, Pemba na Mafia.

Samaki huyu ni mtu mzima akiwa na sentimita saba au nane. Hupevuka kwa miezi michache tu, hutaga mara nyingi, na wengi wao hawaishi zaidi ya mwaka au mwaka na kitu. Hapo ndipo wengi wetu tunapopapita haraka, na mimi naona ndipo penye uzito wote. Changu aliyeachwa baharini leo ataongezeka kilo. Dagaa aliyeachwa leo, mwakani hayupo: ameliwa na jodari, kibua au ngisi, au amekufa mwenyewe. Ukimwekea wavu wa matundu makubwa humlindi akue, maana hana ukubwa mwingine wa kufikia. Unachofanya ni kupiga marufuku uvuvi wake kwa mlango wa nyuma.

Na anayefungiwa mlango huo si mwenye boti peke yake. Fika Mangapwani asubuhi, boti za usiku zikishashusha, uwaone kina mama wakitumbukiza dagaa kwenye maji ya chumvi yanayochemka. Samaki aliyekuwa kama kioo anageuka mweupe, anaopolewa, anamwagwa juani. Akikauka vizuri anaingia kwenye magunia na kusafirishwa hadi Congo. Ni samaki anayeliwa na mifupa yake na kichwa chake, kwa hiyo anampa mtoto kalsiamu na madini ambayo mnofu wa nguru hauna kwa kiasi hicho, tena kwa bei ambayo mama wa kawaida anaimudu.

Wataalamu nao hawasemi kwa sauti moja. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha makala ya Serge Garcia na wenzake iliyohoji mazoea ya kulenga samaki wakubwa tu, na kupendekeza uvuvi usambazwe kwa samaki wa aina na ukubwa mbalimbali, kila mmoja kwa kadiri anavyozaliana.

Wanaoogopa wana sababu, tena nzito. Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wake mwaka 1970. Bahari ilipopata joto la El Niño mwaka 1972, uvuvi ulianguka, na kufikia 1973 haukufika hata tani milioni 2. Kuzaliana haraka si kinga ya kila kitu. Mwaka 2011 utafiti mwingine, wa Philippe Cury na wenzake, ulionyesha kwamba ndege wa baharini hulea makinda wachache zaidi samaki wadogo wakipungua chini ya theluthi ya wingi wao wa juu kabisa. Halafu kuna taa, zile ambazo boti za usiku huwasha ili kuvuta dagaa. Taa haichagui: ikiwashwa karibu na miamba, huvuta na vitoto vya samaki wengine, na hao kweli ni watoto.

Lakini hoja hizo zote zinahusu mahali pa kuvua, idadi ya taa na jumla ya tani. Zisimamieni hizo. Boti za taa ziwekwe mbali na miamba na majani ya bahari, leseni ziwe na kikomo, na wavu wa dagaa utenganishwe kisheria na juya linaloburutwa ufukweni. Kuchoma nyavu za matundu madogo zilizokamatwa hakugusi hata moja kati ya hayo.

Na fedha zielekezwe kwenye ukaushaji. Masika yakiingia jua linakosekana, dagaa wanaoza juu ya vichanja, na waliosalimika nusunusu wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Boti hurudi baharini usiku uleule kufidia hasara hiyo.