Siku ya Kuvunja Kikoba

Wanawake 22 walikuwa wamejaa mkekani barazani kwa Shangazi, sufuria la pilau limefunikwa pembeni, na mimi mtaalamu nimepewa kiti pekee kilichokuwepo. Nikabonyeza "Jumla". Ikatoka: shilingi 4,185.

"Hiyo ya mtu mmoja?" akauliza mwenyekiti.

Ya wote. Wiki 40.

Programu ya kutunza michango niliiandika mwenyewe, nikatumia SQLite, mfumo wa kuhifadhi data kwenye majedwali. Ni nyepesi: hifadhidata nzima ni faili moja, haina seva wala nywila, na mtumiaji ni Shangazi peke yake. Nilichosahau ni upole wake. Hata ukiiambia safu hii ni ya namba kamili, ukiingiza neno inalipokea tu. Na Shangazi, mhazini wa siku nyingi, hajawahi kuandika elfu tano bila mkato. "5,000", mara 837. Wakati wa kujumlisha, SQLite ikawa inasoma mpaka kwenye mkato, inaishia hapo: tano. Kwingine kulikuwa na "elfu kumi", "atatuma jioni", na moja "kafiwa, tumsamehe". Hizo zote sifuri.

Tuliokolewa na daftari. Kumbe muda wote alikuwa anaandika kotekote. Hakuniamini tangu mwanzo.

Kwa aibu nikahamia PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, kwenye kompyuta yake ileile kuukuu. Hiyo haina mzaha, "elfu kumi" inaigomea papo hapo. Ila ina seva ya kuamshwa, mlango wa mawasiliano (port) namba 5432, jina la mtumiaji na nywila. Umeme ukakatika usiku, saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, inasema seva haipatikani. Seva ndiyo nani?"

"Ni programu nyingine, Shangazi, inakaa humohumo ndani."

"Humohumo, halafu haipatikani?"

Wiki iliyofuata nywila ikapotea. Aliiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kalenda ikafungiwa maandazi.

Ndipo nikasoma maelezo ya SQLite, miezi kumi baada ya kuitumia. Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021, ukiweka neno STRICT mwishoni unapounda jedwali, nayo inakataa maneno kwenye safu ya namba. Neno moja tu! Nikarudisha faili langu, nikamkabidhi.

Shangazi akaandika "5,000". Ikakataa. Akavua miwani, akanitazama.

"Hii mbovu. Ile ya kwanza ilikuwa inapokea."