Alama ya Chini ni ya Nani?

Nyumbani kwetu Mikindani baiskeli ni moja na waendeshaji ni watatu, kila mmoja na kimo chake. Mimi ni mrefu, hata mlango wa nyumba yangu mwenyewe naingia kwa kuinama. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeteremka kutoka Newala kuja kufanya biashara ya samaki, ananifika kwapani. Binti yangu wa darasa la sita hana kimo maalumu, maana kila mwezi anakuja na kipya. Baiskeli yenyewe ni Phoenix nyeusi ya marehemu baba, chuma kitupu, haina makuu: ulegeze nati ya kiti kwa spana, upandishe au ushushe, ukaze, uende zako.

Sasa huko kupandisha na kushusha ndiko kulikotaka kunitoa roho.

Jioni shemeji anaichukua kwenda kungoja mashua, anashusha kiti mpaka mwisho. Asubuhi naichukua mimi kwenda kazini Mtwara mjini, kilomita kama kumi. Na mimi asubuhi si mtu wa kutafuta spana. Basi naondoka hivyo hivyo, magoti yananipiga kidevu, nikifika kazini napanda ngazi kwa kushika ukuta kama niliyetoka kujifungua. Mtaani wakaanza kuniuliza kama nimemnyang'anya mtoto baiskeli. Siku nikijitahidi kupandisha, leo nazidisha, kesho napunguza. Pale penyewe sipapati.

Nikaenda kwa fundi wetu wa chini ya mwembe. Akanitazama nilivyokuja, akacheka kabla sijashuka.

"Bwana mkubwa, kwani lazima ubahatishe kila siku? Panda. Weka kisigino kwenye pedali, pedali iwe chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kupinda kiuno, hapo ndipo pako. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo kidogo. Tia alama kwenye bomba la kiti, yaishe."

"Nichonge kwa msumeno?"

Akaniangalia kama nimemwambia tukate kidole chake. "Uchonge bomba, halafu ulikalie? Na hii chumvi ya baharini, hapo umefuga kutu."

Tukapima, tukapapata pale penyewe, nikapiga mstari wa chaki. Haukufika Ijumaa. Nikatia wino wa makapeni, nao ukaondoka na grisi. Tatizo ni kwamba shemeji akishusha kiti, alama yangu inazama ndani ya fremu, na mle ndani ni vumbi na grisi na kukwaruzana. Kikitoka tena kimesafishwa kama sahani ya futari.

Ndipo nikaiona chupa ya rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu, ya kung'aa, kainunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Mwenyewe alikuwa kaenda sokoni, kwa hiyo ruhusa nilijipa mimi kwa niaba yake. Nikalifuta bomba kwa kitambaa na mafuta ya taa, likakauka, nikachora pete nzuri kulizunguka bomba, usawa wa mdomo wa fremu. Nikaliacha mpaka jioni. Aisee! Ile rangi iliingia ikatoka, ikaingia ikatoka, ikachubuka kidogo pembeni lakini ikabaki. Wiki mbili nikaendesha kama mwenye gari.

Shemeji akaiona. Naye akataka yake.

Hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo lililoniponza. Bomba la kiti linahesabiwa kinyume. Alama iliyo chini zaidi kwenye bomba ndiyo ya kiti kilicho juu zaidi, kwa kuwa ili uione pale mdomoni ni lazima bomba litoke sana. Kwa hiyo mrefu alama yake iko chini na mfupi alama yake iko juu. Nililieleza hili wakati wa chakula, kwa mwiko ndani ya kikombe, nikiuvuta na kuuzamisha. Binti alielewa hata sijamaliza. Shemeji akawa anatikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye pweza. Mimi nikahitimisha: "Kwa kifupi, alama ya chini kabisa ndiyo yangu." Nikajiona mwalimu.

Usiku ule umeme ukakatika. Alfajiri nikatoka na simu mdomoni, tochi inamulika bomba, spana mkononi. Nikavuta kiti. Ikatokeza pete nyekundu iliyochubuka. Nikaendelea kuvuta. Vidole vinne chini yake ikatokeza nyingine, mpya, inang'aa kama pipi. Chini kabisa. Yangu hiyo! Nikakaza nati kwa haraka, nikapandia kwenye baraza.

Miguu haikufika vizuri kwenye pedali. Nikadhani ni usingizi.

Hesabu ya ndani sikuipiga. Mabomba mengine ya kisasa yana mstari wa kukuonya usivute kupita hapo. Hili la baba halina, ila fundi anasema inchi mbili na nusu hazitakiwi kupungua ndani ya fremu. Mimi nilikuwa nimeacha kama inchi moja, na juu yake nimekaa mimi na chombo cha ming'oko, vile viazi vya porini, niliyokuwa nampelekea mwenzangu wa ofisini.

Nikaenda hivyo, kiuno kinacheza kulia kushoto kama niko ngomani, nikapita chini ya Boma la Mjerumani, nikaifuata barabara kando ya ghuba. Livingstone mwaka 1866 alishukia ghuba hii hii akaingia bara bila baiskeli, na siku ile nilimwelewa. Maji yalikuwa yamekupwa. Kina mama walikuwa wameinama topeni wanatafuta kombe.

Penye shimo nikainuka kidogo, kama kawaida ya mpanda baiskeli. Kiti kikainuka na mimi. Kimebanwa mapajani, bomba linaning'inia, na mimi nipo hewani. Nikatupa jicho chini nikaona mdomo wa fremu umeniachia tundu, wazi, unaningoja.

Kulikuwa na sehemu mbili za kukaa, ile na tope. Nikachagua tope.

Nilipoinua kichwa, chombo cha ming'oko kiko wazi, kaa mmoja anakikagua, na kiti bado kipo katikati ya mapaja yangu. Kina mama kimya. Halafu mmoja akasema, "Mjomba, wenzio huku tunakuja na ndoo. Wewe umekuja na kiti?"

Mwingine akadakia, "Mwacheni akae, kachoka."

Kazini nilifika saa nne.

Jioni nikamketisha shemeji. Kumbe alama ile kaichora yeye jana usiku baada ya chakula, na hata kuitumia hajaitumia. Nikamuuliza, hukusikia habari ya mwiko? Akasema kasikia. Hukuelewa? Akasema kaelewa kabisa. Sasa? Akainamisha kichwa.

"Shemeji, wewe ndiye umemuoa dada. Niweke alama yangu juu ya alama yako? Nikaona si adabu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mke wangu ndiye aliyekuwa nalo, maana alikuwa kasimama nyuma yetu na chupa iliyobaki na brashi tu. Chupa mpya nimeinunua mimi, na mbili za ziada za rangi ambazo sikujua kama zipo duniani.

Ile pete ya adabu tuliikwangua. Yangu ikabaki nyekundu. Binti kajiwekea nukta mbili za buluu, mwezi ujao atazihamisha. Shemeji tulimchorea nyeupe, juu kabisa, kwa amri ya dada yake. Anaitumia. Lakini kila jioni akilegeza nati na pete yangu ikizama, namsikia kule uani, kwa sauti ndogo:

"Samahani shemeji, napita juu yako."