Kazi mpya Dar: upange karibu na ofisi, au uende pembeni upate nafasi?

Mtu akipata kazi Dar es Salaam akitokea Mwanza, Mbeya au Arusha, ushauri unaomfikia huwa wa aina mbili. Wapo wanaomwambia akae karibu na kazi, vinginevyo foleni itammaliza. Wapo wanaomwambia kodi za mjini zitakula mshahara wote, bora aende Chanika, Madale au Kibada, ambako kwa kodi ya chumba na sebule cha Sinza atapata nyumba yenye uzio. Jiji lilikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na kila upande una maelfu wa kuutolea ushahidi. Kasoro ya mabishano haya ni kwamba yanaishia kwenye kodi, na kodi ni sehemu tu ya gharama. Yanayoamua ni mambo mawili: unahitaji vyumba vingapi, na njia yako ya kazini inaweza kukatika mahali pangapi.

Tupige hesabu ya mtu anayeishi peke yake, kazi yake iko Posta, katikati ya jiji, siku 22 kwa mwezi. Bei hubadilika mtaa kwa mtaa, kwa hiyo hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Magomeni anapata chumba na sebule, choo ndani, kwa shilingi 300,000. Mwendokasi kwenda na kurudi ni 1,500, yaani 33,000 kwa mwezi. Jumla 333,000. Madale anapata chumba na sebule cha hadhi hiyohiyo kwa 150,000. Asubuhi anapanda bodaboda ya 1,000 mpaka kituoni, gari la 700 mpaka Makumbusho, na jingine la 700 mpaka Posta. Jioni anarudia. Hiyo ni 4,800 kwa siku, 105,600 kwa mwezi. Jumla 255,600.

Aliyedhani anaokoa 150,000 anaokoa 77,400. Karibu nusu imeishia barabarani, na bodaboda peke yake imechukua 44,000 kwa kipande ambacho huenda hakizidi kilomita mbili. Hapo ndipo hesabu za wageni wengi zinapoharibika. Wanauliza nauli ya daladala, hawaulizi kutoka kituoni hadi mlangoni ni shilingi ngapi, na mvua ikinyesha au ikifika saa nne usiku ni shilingi ngapi.

Sasa weka muda. Tuseme Magomeni ni dakika 40 kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi, ukijumlisha kusubiri basi, na Madale ni saa 1 na dakika 50. Tofauti ni dakika 140 kwa siku, sawa na saa 51 kwa mwezi. Gawanya 77,400 kwa saa 51: kila saa anayokaa kwenye foleni inamlipa kama 1,500. Kama anapokea 900,000 mkononi kwa saa 176 za kazi, saa yake ofisini ina thamani ya 5,100. Mtu huyu anajipunja, na bora achukue chumba na sebule cha karibu na mjini kuliko cha pembeni.

Lakini badilisha kitu kimoja: ana mwenza na watoto wawili. Anahitaji vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na mahali pa watoto kuchezea. Tuseme karibu na mjini nyumba hiyo ni 600,000, Madale ni 250,000. Ukitoa tofauti ya nauli, 72,600, anabaki na 277,400, na kila saa ya foleni sasa inamlipa 5,400. Hesabu ileile, njia ileile, jibu limegeuka. Kadiri vyumba vinavyoongezeka ndivyo pembeni panavyolipa, maana nauli ya mfanyakazi mmoja haiongezeki kwa kuwa nyumba ina vyumba vingi. Ikiwa wote wawili wanafanya kazi mjini, nauli na saa zinazidishwa mara mbili na faida inashuka tena. Na watoto wakisoma mbali, kuna basi la shule linalopita kuwachukua alfajiri kabla hata kuku hajatoka bandani. Hapo anayelipia umbali ni mtoto wa miaka sita, na hilo lipewe uzito kuliko kodi.

Hesabu hiyo hata hivyo inachukulia kwamba njia inapitika kila siku. Dar haiko hivyo, na kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko kilomita. Chagua barabara kwanza, mtaa baadaye.

Barabara kuu zinazoingia mjini zinahesabika: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere, Kilwa, na upande wa Kigamboni kivuko au daraja. Bonde la Msimbazi linakata kati ya Magomeni na Kariakoo, pale Jangwani. Masika ikikolea, Machi hadi Mei, maji hupanda juu ya barabara, mwendokasi husitishwa, na watu wote wa Kimara, Ubungo na Manzese wanaokwenda Posta hulazimika kuzunguka. Hata huyo wa Magomeni, ambaye kwa siku za kawaida ndiye mwenye nafuu kuliko wote, anakwama ng'ambo ya bonde huku akiyaona maghorofa ya mjini. Anayekaa Sinza au Kijitonyama ana njia ya akiba ya kupitia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022. Kwa anayefanya kazi Ubungo au Mwenge, Jangwani haimhusu kabisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenyeji lisiwe "huko ni mbali?" Muulize: "Jangwani ikijaa maji, unafikaje kazini?"

Kigamboni ina hoja ya aina hiyo. Kwenye ramani, kutoka Posta Kigamboni ni karibu kuliko Magomeni, kuvuka kwenyewe ni dakika chache na nauli ya mtembea kwa miguu haiumizi mtu. Kinachoumiza ni kusubiri. Kivuko kimoja kikipelekwa matengenezo, foleni ya kivukoni Magogoni huongezeka ghafla, na wenye magari hukimbilia Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa 2016, ambako chombo cha moto hulipa tozo. Tozo hizo zilipunguzwa 2022, bado ziingize kwenye bajeti. Anayefanya kazi bandarini au Kurasini ana kila sababu ya kupanga Kigamboni. Anayefanya kazi Mikocheni asijaribu.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haikuonyeshi: unapandia wapi. Anayeishi kwenye kituo cha mwanzo anakaa kwenye kiti. Anayeishi katikati ya njia anaona magari yakipita yamejaa, konda hata hasimamishi. Ndiyo maana saa 12 asubuhi utaona watu wanapanda daladala linaloelekea kule wanakotoka, wanageuza nalo mpaka mwanzo wa njia ili warudi wamekaa, na wanalipa nauli mara mbili. Mtu wa Kimara Temboni anaweza kuchelewa kuliko wa Mbezi Louis, ingawa Mbezi ndiyo mbali. Ukipewa nyumba mbili za bei moja kwenye barabara moja, iliyo karibu na mwanzo wa gari mara nyingi ni bora kuliko iliyo kilomita tano mbele yake.

Njia ya kupima ni moja. Jumatatu, saa 12 kasoro robo asubuhi, toka mlangoni mwa nyumba unayoitaka, panda unachotarajia kupanda, fika ofisini, andika muda. Jioni rudi saa 11:30. Safari ya Jumapili mchana haikwambii chochote, na dalali anapenda kukupeleka Jumapili mchana.

Wanaotetea pembeni wana hoja moja ambayo haimo kwenye hesabu yangu, nayo nzito. Wengi wa waliokwenda Goba, Bunju, Kinyerezi au Chanika hawakwenda kupanga milele. Wana kiwanja hukohuko au wanakitafuta, na kupanga jirani na kiwanja kunakuwezesha kuhesabu mifuko ya saruji kila jioni na kumwona fundi akiwa kazini badala ya kumpigia simu. Kwa mwenye mpango huo, saa 51 za foleni si hasara tupu. Asiye na mpango wa kujenga ndani ya miaka miwili asijifariji kwa hoja hii.

Wanaotetea karibu nao wana yao: kazi mpya. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004, mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kazini hana ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Hiyo ndiyo miezi ambayo kuchelewa mara tatu kwa wiki kunakumbukwa, na ndiyo miezi ambayo bado hujui kama watakuhamishia tawi la Mbagala au Tegeta. Na kwa mwanamke anayetoka zamu saa tatu usiku, kituo chenye taa na watu ni sehemu ya bei ya nyumba.

Hapa ndipo desturi ya kodi ya miezi sita kwa mkupuo inapomfunga mgeni. Nyumba ya 300,000 inadai 1,800,000, na dalali kodi ya mwezi mmoja, 300,000 nyingine. Ni 2,100,000 kabla hujanunua godoro, na mshahara wa kwanza uko mwisho wa mwezi. Ya Madale ni 1,050,000. Wengi huenda mbali kwa sababu hiyo moja: hawana mtaji wa kuanzia karibu. Hiyo haimaanishi hesabu imewapeleka huko. Mwenye ndugu mjini, afikie kwa ndugu mwezi mmoja au miwili, achangie chakula na umeme waziwazi ili asiwe mzigo, huku akipima njia. Asiye na ndugu atafute mwenye nyumba anayepokea miezi mitatu. Wapo, hasa nyumba iliyokaa wazi muda mrefu na nyumba za uwani ambako mwenye nyumba anaishi humohumo. Chumba kimoja kwa miezi mitatu, familia ibaki ilipo mpaka muhula wa shule uishe, ni nafuu kuliko kukosea nyumba ya miezi sita. Kodi uliyolipa mbele hairudi kirahisi.

Kabla ya kulipa, kagua vitatu. Umeme kwanza. Uliza kama mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mteja mdogo wa majumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa takribani shilingi 122, na kundi la juu yake kwa takribani 357. Wapangaji wanne kwenye mita moja hupita 75 haraka, na wote wanalipa bei ya juu, hata mwenye taa mbili na simu. Kipimo ni rahisi: omba namba ya mita, nunua umeme wa 5,000. Ukipata uniti kama 40, mita iko kundi la chini. Ukipata 14, iko la juu. Ukipata pungufu ya hapo, soma makato: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na huenda kuna deni la mpangaji aliyetangulia.

Pili maji. Fungua bomba, onja. Nyumba nyingi hutegemea kisima, na maji ya chumvi yanakula koki, yanakataa povu, na yanakulazimisha kununua ya kunywa na ya kupikia. Kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, waulize wapangaji, si mwenye nyumba, yanatoka siku zipi, na tanki la akiba ni la lita ngapi. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, sehemu kubwa ya jiji iliingia kwenye mgao, na waliokuwa na tanki la lita 5,000 waliishi tofauti na waliokuwa na ndoo.

Tatu kuta. Tafuta alama nyekundu ya X, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, ukutani au iliyopakwa rangi juu yake. Upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha mwaka 2017 ulibomoa nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na nyumba ikibomolewa si rahisi mpangaji kurudishiwa kodi yake. Tafuta pia mstari wa maji, ile michirizi ya tope iliyokauka inayozunguka chumba kwa kimo kimoja. Rangi mpya kwenye futi tatu za chini peke yake ni ya kutilia shaka. Pesa mpe mwenye nyumba mwenyewe, baada ya ofisi ya serikali ya mtaa kukuthibitishia kwamba nyumba ni yake, na usitume cha kushikia nyumba kwa simu kwa mtu aliyekuonyesha picha.

Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, limezuka pendekezo la tatu: kaa Morogoro, fanya kazi Dar. Safari ni chini ya saa mbili, na kodi za Morogoro ni nafuu. Lakini nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa 13,000. Kwenda na kurudi siku 22 ni 572,000, kabla ya bodaboda ya Kihonda huko Morogoro na gari la kutoka stesheni ya Dar. Pesa hiyo inakaribia kodi ya nyumba ya familia Dar karibu na mjini. Wazo hilo linamfaa anayetakiwa ofisini siku mbili kwa wiki, ambaye atatumia 208,000 kwa siku nane za mwezi, na familia yake tayari iko Morogoro. Kwa wa kila siku, treni imewahi tu kumfikisha stesheni. Hesabu bado inamkataa.