Flashi Kubwa, Sura Ileile

Wiki hii nimepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wa bwana harusi mmoja wa mtaa wa Bel-Air. Sauti ya adabu, ya kijana aliyetumwa na wakubwa, akiniita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, usikasirike. Famiye inasema ule mwingine iko na flashi kubwa. Ya kwako iko kidogo." Basi, kazi imekwenda. Hakuna aliyeomba kuona picha zangu. Hakuna aliyesema bei yangu iko juu, jambo ambalo ningelielewa, ingawa hapa Lubumbashi kila kitu kimepanda isipokuwa malipo ya fotografe. Wametazama kile kichwa kilichokaa juu ya kamera yangu, wakaona hakilingani na heshima ya ukoo.

Nimemjibu kwamba sikukasirika. Mungu atanisamehe.

Kisha usiku nikafanya lile ambalo ninyi wote mnaoshika kamera mmeshalifanya: nikalala na simu mkononi nikitazama bei. Flashi yangu ni Canon 430EX II, ya mwaka 2008. Ile inayonitesa ni Canon 600EX II-RT ya 2016, jina refu kama la waziri, na pembeni yake kuna Godox V1 ya 2019, ile ya kichwa cha duara ambayo vijana wa Kampemba wanaivaa shingoni hata kwenye kilio. Hela ya hiyo Canon kubwa ni malipo ya harusi mbili nzima kabla hujalipa teksi wala kula. Nilikaribia kumpigia simu mtu wa Johannesburg. Kilichonizuia si busara, ni hesabu.

Kila flashi ina namba ya nguvu kwenye boksi. Yangu imeandikwa 43. Kubwa imeandikwa 60. Muuzaji anaigusa hiyo namba kwa kidole, wewe unameza mate. Lakini hiyo 43 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi milimita 105, na hiyo 60 imepimwa kikiwa kimevutwa hadi 200. Ni milimita zilezile za lenzi: zikiwa nyingi unavuta cha mbali, zikiwa chache unaona kwa upana. Nani kati yenu anapiga mashangazi kwa 200 ukumbini? Ukiwa na 200 itabidi usimame barabarani, jenereta linakupulizia moshi mgongoni. Rudisha ile kubwa hadi 105 kama yangu, inashuka hadi 58. Na tuliofungua lenzi hadi 35 usiku kucha, kwa sababu familia hazijui kusimama chini ya watu kumi na tano, kwetu tofauti inazidi kupungua.

Tena hizo namba zinapima umbali, hazipimi mwanga wenyewe. Kupata mwanga lazima uzidishe namba kwa namba yenyewe. 58 mara 58 ni 3364. 43 mara 43 ni 1849. Gawa. Haifiki hata mara mbili! Harusi mbili nzima ili upate mwanga usiofika mara mbili, wakati ukisogeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 800 hadi 1600 unapata mara mbili kamili, kwa kidole gumba, bure. Najua, mtaniambia ISO inapandisha na zile taa za zambarau za ukumbini. Zipande basi. Si ndizo walizolipia?

Kuna njia nyingine ya bure ambayo haiuzwi dukani, ndiyo maana hamna anayeitangaza. Mwanga ukitoka mita 4 ukaenda mita 2, haukui mara mbili, unakua mara nne. Yaani ukitoa flashi yako ndogo juu ya kamera, ukampa kijana aishike, akasogea hatua mbili tatu kuelekea kwa bibi harusi, tayari umeishinda ile kubwa ya yule mwenzangu aliyesimama mbali amejazia misuli.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa kweli, si kwenye namba. Inakaa kwenye nyuso zetu. Nimeona albamu nyingi za hapa mjini. Paji la uso linang'aa, pua inang'aa, mashavu yamepotea, macho yamepotea, na nyuma kivuli cheusi kimebandikwa ukutani. Mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, watu wamecheza, jasho linatiririka, halafu fotografe anasimama mbele yao na kuwamulika moja kwa moja. Ngozi nyeusi ni nzuri kuliko zote kwa mwanga unaotoka pembeni. Inaupokea, inauviringisha shavuni, inauachia shingoni. Ukiipiga kutoka mbele kwa nguvu inakurudishia jasho tu. Kumulika uso kwa flashi iliyo juu ya kamera ni kama kumrushia mtu maji usoni: ukiacha kikombe ukachukua ndoo, hujamwogesha, umemlowesha zaidi. Kinachofanya mwanga uwe laini ni upana wa mahali unapotokea, na dirisha la flashi kubwa halizidi sana la flashi ndogo. Yote mawili yanafunikwa na kiganja cha mtoto.

Msiniletee hoja ya kichwa cha duara. Kinatandaza mwanga vizuri kidogo pembezoni, sawa, lakini ni duara la ukubwa uleule.

Halafu akili ya kamera yenyewe. Ile hali ya kujipima yenyewe, ambayo wengi wenu hamjawahi kuizima tangu mnunue, inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Mpe gauni jeupe lililojaa fremu, inaogopa, inapunguza mwanga, bibi harusi anageuka kivuli ndani ya nguo ya kijivu. Mpe mabwana kumi wenye suti nyeusi, inapandisha, na nyuso zao zinakuwa majivu. Flashi ya bei kubwa inafanya kosa hilohilo, tena kwa fahari. Dawa ni kuongeza au kupunguza kwa mkono, au kuweka nguvu wewe mwenyewe na kuiacha hapo. Kodak kwa miaka mingi walikuwa wakirekebisha rangi za filamu zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na sisi tukarithi picha za babu zetu ambazo yanaonekana meno na kola tu. Sasa kipimo kiko mikononi mwetu, na tunachokifanyia ni kutafuta flashi ya kuwaka zaidi.

Huu ndio mji uliomtoa Sammy Baloji, fotografe anayejulikana duniani. Huu ndio mji ambao mwaka 2008 ulianzisha biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ikaitwa Picha. Na bado fotografe anapimwa kwa ukubwa wa plastiki.

Mtasema: elekeza flashi juu, mwanga urudi kutoka dari. Ndiyo, sebuleni Katuba, dari nyeupe iliyo karibu, hata yangu ndogo inafanya maajabu. Lakini nendeni kwenye kumbi zetu za sasa. Dari iko juu kama kanisani na wameifunika vitambaa vya zambarau na dhahabu kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanga ukipanda kule, nusu haurudi, na ule unaorudi unarudi umekuwa zambarau. Nilimwona jamaa mmoja na flashi yake kubwa akipiga dari hiyo jioni nzima kwa nguvu zote. Kamati nzima ya harusi ilitoka na rangi ya biringanya. Kwenye hema za uani huko Ruashi ndiyo usiseme, unaelekeza juu na unamulika nyota.

Haya, nitatoa haki zake, maana najua kuna watu wanangoja kwenye maoni.

Betri. Hapa flashi kubwa mpya zina hoja. Siyo ile ya Canon, hiyo inatumia betri nne ndogo zilezile ninazotumia mimi, na ikipiga kwa nguvu zote inachukua zaidi ya sekunde 5 kujaa tena wakati yangu inachukua kama 3. Someni tena hapo. Lakini, na ninalisema hili nikiwa nimeuma meno, kwa mwanga uleule kubwa inafanya kazi karibu nusu tu, kwa hiyo inajaa mapema na haichoki. Zile za lithiamu ndizo zinazouma zaidi. Godox V1 inajaa kwa sekunde 1.5 hata ikipigwa kwa nguvu zote, na betri moja inatoa mipigo 480 ya namna hiyo. Wakati wazee wanatupia noti kwenye paji la uso la bibi harusi, sekunde 3 ni ndefu. Noti imeshaanguka, imeshaokotwa, imeshaingia mfukoni mwa mtu ambaye si wa kamati, na flashi yako bado inafikiri. Hilo nalikubali. Ila betri hiyo inaingia kwenye flashi chache za Godox tu. Siku ikifa utaagiza, utangoja, utaomba Mungu. Zangu nne za kuchaji zikiisha katikati ya sherehe naazima kwa fotografe yeyote, hata kwa mtu wa maikrofoni. Zile za kibandani msinunue, zinakufa kabla ya keki. (Na kama shangazi anakuletea lithiamu kutoka Dubai, mwambieni betri za ziada hazikai kwenye mzigo wa chini wa ndege, zinabebwa mkononi. Wengine zimewabakia uwanjani.)

Jua la mchana. Mkitoka komine, ofisi ya serikali mnakofungia ndoa, saa saba na bwana harusi anataka picha kando ya gari, flashi yoyote inakuwa mshumaa. Kamera yako inakufunga kwenye kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, na ukilazimisha zaidi ya hapo flashi inakubali lakini inagawanya nguvu yake vipande vipande. Kubwa itakusaidia kidogo kuliko ndogo. Kivuli cha mwembe kitakusaidia kuliko zote mbili. Au waambie warudi saa kumi na moja.

Uzito: gramu mia hivi zaidi. Shingo yangu imeshatoa maoni.

Inabaki ile hoja ya yule mdogo wa Bel-Air, ambayo sitaki kuigusa na lazima niiguse. Mteja anataka kuona. Babu mwenye familia hajui 43 wala 58, anajua fotografe aliyekuja na vitu vingi amewaheshimu, na aliyekuja na begi moja amewadharau. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Ule wetu iko na vyuma mingi sana," kwa furaha ileile ya mtu anayehesabu magari ya msafara. Kuna ukweli wa biashara hapo. Naujua. Unaninyima usingizi kuliko sekunde 1.5. Lakini kama ni vyuma wanavyotaka, basi vyuma nitawapa, na vitakuwa vyuma vinavyofanya kazi.

Nimeamua hivi. Sinunui kubwa. Natafuta 430EX II ya pili, ya mkononi, kwa sababu kila anayehamia kwenye kubwa anaiuza ya kwake kwa bei ya aibu, na mimi aibu hiyo naipokea kwa mikono miwili. Naongeza vile vipokezi vya redio vya Kichina vya bei ndogo, vya kuwasha flashi kwa mbali, na mwavuli mweupe mpana. Hapo ninakuwa na taa mbili: moja pembeni inachora sura, nyingine nyuma inatenganisha nywele na giza la ukumbi. Zote mbili kwa nusu nguvu, zinajaa haraka, hazipati joto. Familia itaona mwavuli umesimama na itaridhika kabisa, maana mwavuli ni mkubwa kuliko flashi ya mtu yeyote hapa mjini.

Wakati wa kucheza mwavuli unashuka. Nimeona stendi ikipigwa teke na mama mwenye liputa mpya, yaani kitenge kipya, na siwezi kumwambia mama apunguze furaha. Saa hiyo flashi inakwenda juu ya fimbo, na mtoto wa dada yangu anaishika na kutembea nami. Namlipa. Anajifunza kuona mwanga unakotoka, ambalo ni zaidi ya wengi wanalojifunza kwa kununua. Tatizo lake ni moja, wimbo ukimpendeza anacheza na flashi.

Kwa hiyo mwenye stendi nzito ya kuuza, ya chuma, ile yenye miguu mipana, aniandikie bei yake hapo chini. Niko Kampemba, nitaifuata mwenyewe hata ikiwa mtaa wa Golf. Ile ya miguu ya plastiki usiniletee. Na mwenye 430EX II anayehamia kwenye kubwa, harakisha kabla hujasoma makala hii mara ya pili.